Nimefungua kabureta, nimeifunga, inavuja

Mke wangu ndiye aliyeinusa kwanza. Ilikuwa Jumamosi jioni, nimeshaoga, nimekaa barazani na kikombe cha chai kama mtu aliyemaliza kazi. Akatoka ndani, akasimama mlangoni.

"Baba watoto, ile harufu bado ipo. Na wewe umeshaoga."

Nikainuka. Chini ya boneti, kwenye saruji, kulikuwa na doa bichi lenye upana wa sinia la pilau. Hatua kama kumi kutoka pale, ng'ambo ya uzio wa michongoma, mama jirani alikuwa anapepea jiko la mkaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukapotea. Unatambaa chini kwa chini kufuata mteremko. Na ua wetu unateremkia kwa jirani.

"Jirani, samahani, naomba tulitoe hilo jiko hapo kwanza, nitakueleza baadaye."

Alilibeba na samaki wake juu, hakuuliza. Nadhani alinisoma usoni.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla KE70, lile ambalo wengi wanaliita DX, la mwaka 1982, injini ya 4K ya cc 1290. Marehemu baba aliliendesha mpaka macho yalipoanza kumsumbua usiku, kisha likalala miaka minne chini ya mwembe hapa Morogoro. Nilipolifufua liliwaka, lakini lilikuwa linatoa moshi mweusi, linatetemeka likiwa sailensa (limewaka, limesimama, hujakanyaga mafuta), na linakunywa mafuta kama lori. Kabureta yake, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini, ni ya Aisan, ya koo mbili, na ndani nilikuta utomvu wa rangi ya kahawia, petroli ya zamani iliyokauka ikawa kama gundi ya mkwaju. Nikaagiza seti ya kabureta kutoka Gerezani, Dar, ikaletwa kwa basi: gasketi, nidili (kisindano cha kuziba mafuta) na kiti chake, pampu ndogo ya kuongezea mafuta ukikanyaga, vigololi viwili vya chuma, na kifuko cha washa, vile vipete bapa vya kuzibia, za kila ukubwa. Kuifungua kabureta kulinichukua siku moja, kuisafisha siku nyingine, kuifunga saa mbili. Makosa yote niliyohangaika nayo wiki tatu zilizofuata niliyafanya ndani ya hizo saa mbili.

Jioni ile nilitoa waya wa betri, nikamwaga mchanga juu ya doa, nikalisukuma gari mpaka upande wa juu wa ua. Kisha nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya: nikamulika kwa tochi, nikaona bolti ya kuingizia mafuta imelowa, nikachukua spana nikaikaza. Asubuhi ilikuwa bado inadondosha. Nikaikaza tena. Nikasikia spana inaanza kwenda kwa ulaini, ule ulaini ambao mtu yeyote aliyewahi kukata uzi wa bolti anaujua tumboni kabla haujafika mkononi. Nikaacha. Mwili wa kabureta ni wa madini laini ya kumiminwa, si chuma. Ukikata uzi pale, umemaliza kabureta.

Bolti ile imetobolewa katikati, inapita kwenye pete ya bomba la mafuta, na inabanwa na washa mbili, moja juu ya pete na moja chini yake. Mimi chini niliweka washa mpya. Ya juu niliiona ya zamani bado nzima, ya shaba, nikairudisha. Nilipoitoa na kuishika kwenye jua niliona imeshajichora mfereji wa duara, kumbukumbu ya miaka yote iliyokaa imebanwa. Shaba ikibanwa inakuwa ngumu, na ngumu haizibi, hata ukikaza mpaka bolti ikatike. Kwa kuwa dukani sikupata ya kipimo kile siku hiyo, niliishika kwa koleo kwenye moto wa jiko la gesi (ndani, mbali kabisa na gari) mpaka ikawa nyekundu, nikaiacha ipoe, nikaipitisha kwenye msasa laini juu ya kioo. Inarudi kuwa laini kama mpya. Niliikaza kwa nguvu ya kawaida tu na mpaka leo haijadondosha.

Kwa hiyo nikajipongeza. Jumatatu nikaenda nalo kazini. Nilipofika kwenye foleni ya mzunguko wa Msamvu, gari likaanza kukohoa, likazima. Kulipiga stata likawa halitaki, na harufu ikajaa ndani. Nikafungua boneti. Bolti ilikuwa kavu kabisa, lakini kabureta yote kuanzia kifuniko kwenda chini ilikuwa inang'aa kwa petroli, na matone yanaangukia kwenye manifoldi ya ekzosi, bomba linalotoa moshi wa moto kwenye injini. Injini hizi za K, bomba la kuingiza na la kutolea moshi yako upande mmoja, kabureta imekaa juu, ekzosi chini yake. Aliyeuchora mpango huo hakuwa na nia mbaya, ila mtu ukishaona petroli inachemka juu ya chuma cha moto huwezi kuusahau. Bwana mmoja wa bodaboda alikuja na sigara kutaka kusaidia. Nilimshukuru kwa mbali.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu bila kulielewa bakuli huwezi kutafuta uvujaji, utabaki kubahatisha kama mimi wiki ile ya kwanza. Pampu inasukuma petroli kutoka tangini, inaingia kwenye bakuli la kabureta kupitia tundu dogo. Ndani ya bakuli kuna boya la shaba. Mafuta yakipanda, boya linapanda, ulimi wake unaisukuma nidili izibe tundu. Mafuta yakipungua, boya linashuka, nidili inaachia. Ni kitu kile kile kilichomo kwenye tangi la maji la nyumbani, na kinaharibika vile vile: boya likitoboka au nidili isipoziba, tangi linafurika. Tofauti ni kwamba tangi la maji likifurika linamwagika nje, kila mtu anaona. Kabureta ikifurika inamwagikia kwanza ndani, kwenye koo, inashuka injini. Ukiona petroli nje, ujue nyingine imeshaingia kusikotakiwa.

Aisan hizi zina fadhila moja ambayo mafundi wa siku hizi wengi hawaitumii. Mbele ya bakuli kuna kioo kidogo cha duara chenye nukta. Gari likiwa sailensa, usawa wa mafuta unatakiwa uwe hapo kwenye nukta. Pale Msamvu kioo kilikuwa kimejaa mpaka juu, hakina mstari wa mafuta hata kidogo. Nilikuwa nimekisafisha mwenyewe, kinang'aa, na siku zote hizo sikukitazama.

Nikaifungua tena nyumbani. Kwenye ncha ya nidili nikakuta kipande cha mpira cheusi, chembamba kama ukucha wa mtoto. Nilikuwa nimebadilisha mpira wa mafuta na kuukata kwa kisu cha jikoni, halafu nikauchomeka bila hata kuupuliza. Ule ukoko wa mkato ukasafiri mpaka kwenye kiti cha nidili, ukakaa pale, nidili ikawa haifungi. Filta ilikuwepo, ndiyo, lakini niliiweka kabla ya ule mpira, si baada yake. Nikasafisha, nikafunga, kioo kikaonyesha nukta. Nikatulia siku mbili.

Siku ya tatu kioo kikajaa tena.

Hapo ndipo nilipoanza kazi ya kijinga ambayo ningependa kuipita haraka lakini haki haitaruhusu. Nikaamini tatizo ni kimo cha boya. Boya lina ulimi mdogo wa shaba unaogusa nidili. Ukiukunja kidogo upande mmoja, nidili inafunga mapema na mafuta yanakaa chini. Upande mwingine, yanakaa juu. Unageuza kifuniko juu chini, unaacha boya lijiegemee lenyewe, unapima nafasi kati ya boya na kifuniko kama karatasi ya seti inavyosema. Usilisukume kwa kidole, maana nidili hizi zina springi ndogo ndani na ukiibonyeza unapima uongo. Nilipima vizuri, kipimo kikawa sawasawa. Gari likafurika. Nikakunja ulimi kidogo, boya lifunge mapema zaidi. Likafurika. Nikakunja tena. Likafurika vile vile, si zaidi wala si pungufu.

Hilo neno, vile vile, ndilo lilipaswa kunizindua. Kama kosa lingekuwa kimo cha boya, kukunja kungebadilisha kitu, hata kama ni kwa kuharibu. Unapogeuza kifaa na ugonjwa hausogei, unagusa mahali pasipouma. Lakini mimi nilikuwa nimeshachoka, na aliyechoka anarudia kile anachokijua.

Nikalipima boya kama limetoboka. Nililitikisa sikioni, halikuwa na maji ndani. Nikalizamisha kwenye sufuria ya maji ya moto, nikasubiri mapovu. Halikutoa hata moja. Nikarudisha nidili ya zamani, nikidhani ya seti ni ya bandia. Likafurika. Kibaya zaidi, barabarani lilikuwa zima. Nilikwenda nalo Chalinze na kurudi, halikutoa moshi wala harufu, ila nikisimama dakika tano linaanza kunuka. Nikawa naambiwa na kila mtu kwamba tatizo ni joto.

Fundi aliyelimaliza ni mzee mmoja ambaye gereji yake imebaki mabati mawili na benchi. Siku hizi anashinda akitengeneza jenereta. Nilimkuta amekaa kwenye ringi ya lori.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo la marehemu?"

"Ndiyo mzee. Kabureta inafurika. Nimebadilisha nidili, nimepima boya, nimekunja ulimi."

"Ukikunja, inabadilika?"

"Haibadiliki."

"Barabarani?"

"Barabarani halina shida."

Akanyoosha mkono nimpe bisibisi. Hakusema kitu mpaka kifuniko kilipotoka. Kisha akachukua bomba la sindano la plastiki, lile kubwa, akalichomeka kwenye kipande cha mpira, akavuta petroli, akakigeuza kifuniko juu chini boya likaikalia nidili. Akaanza kusukuma polepole kwenye tundu la kuingilia mafuta. Nidili ilikuwa kavu. Ncha yake, ulimi, vyote vikavu. Lakini pembezoni mwa kiti cha nidili, pale kinapoingia kwa uzi kwenye kifuniko, kukatokea pete ya unyevu, ikanenepa, ikawa tone.

"Mafuta hayapiti mlangoni," akasema. "Yanapita kwenye fremu ya mlango."

Kiti cha nidili hufungwa kama bolti, na chini yake kuna washa nyembamba. Ile washa ndiyo inayozuia petroli isipenye kando ya uzi. Ikikosekana, au isipokaa, mafuta yanaingia bakulini bila kumwomba boya ruhusa, na hapo unaweza kuweka nidili ya dhahabu na bado likafurika. Kifuko changu cha seti kilikuwa na washa mbili zinazofanana sana, kwa sababu seti moja hutengenezwa itoshe aina kadhaa za kabureta. Mimi nilichukua yenye tundu pana kidogo. Ilipita kwenye uzi kwa urahisi, nikaona ni sawa. Kumbe ilikuwa imekaa kombo, upande mmoja imebana na upande mwingine iko wazi kama mwezi mchanga. Mzee aliitoa kwa ncha ya kisu akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na alama ya kubanwa upande mmoja tu.

Na lile la barabarani akalieleza huku anafunga. Gari dogo kama hili likiwa sailensa linatumia lita moja kwa saa, au pungufu. Kwenye mwendo wa kilomita 80 linatumia kama lita sita. Kinachopenya kando ya kiti ni kidogo. Barabarani injini inakinywa chote na boya linafunga nidili kufidia, huoni kitu. Ukisimama, injini haiwezi kumaliza hata hicho kidogo, bakuli linajaa. Kwa hiyo gari linalofurika likisimama na kupona likikimbia lina uvujaji mdogo wa kudumu, na linalofurika hata barabarani lina nidili iliyokwama wazi au pampu inayosukuma kupita kiasi. Ningeulizwa swali hilo siku ya kwanza ningeokoa wiki mbili.

Washa ile ina jambo lingine ambalo sikulijua. Unene wake unabadilisha kimo cha boya. Nene inakishusha kiti kuelekea bakulini, nidili inafunga mapema, mafuta yanakaa chini. Nyembamba inafanya kinyume chake. Kwa hiyo mzee alipoweka iliyo sahihi ilibidi tupime boya upya, na ulimi nilioukunja mara tatu ukakunjuliwa. Akaukunjua kwa mdomo wa plaizi kwa utulivu wa mtu anayenyoosha kola ya mtoto. Nikamwuliza ni kiasi gani, akataja pesa ndogo mno, nikampa zaidi, akarudisha nusu.

Kabla sijaondoka akaniuliza, "Oili umeitazama?"

Sikuitazama. Nikavuta stiki. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama ya mwisho, nyepesi kama chai, na inanuka petroli. Zile wiki zote za kufurika, mafuta yalikuwa yanashuka kwenye silinda, yanapita ringi za pistoni, yanaingia kwenye oili. Oili yenye petroli hailindi beringi, na mimi nilikuwa nimekwenda nayo Chalinze na kurudi huku nikijisifu. Nilinunua galoni ya lita nne na filta, nikabadilisha pale pale chini ya bati lake. Kama umewahi kufurikiwa kabureta hata siku moja, anza na stiki kabla hujapiga stata. Ikiwa imepanda, usiliwashe.

Ningependa kusema yakaishia hapo. Kioo kilikaa kwenye nukta, gari likatulia, lakini asubuhi bado kulikuwa na unyevu kidogo kwenye kifuniko. Safari hii sikugusa spana. Nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: nikaipangusa kabureta yote kwa kitambaa mpaka ikakauka, nikainyunyizia poda ya mtoto kila mahali, injini ikiwa ya baridi. Nikapiga stata sekunde chache ili pampu ijaze bakuli, nikazima, nikakaa na tochi. Petroli ikitoka mahali inatambaa juu ya chuma na kudondokea mbali, kwa hiyo palipolowa zaidi ndipo panapokudanganya zaidi. Poda inabadilika rangi pale inapoanzia. Ilianzia kwenye kona ya nyuma ya kifuniko, kushoto, mahali nisipopaona bila kioo cha kunyolea ndevu.

Kile kifuniko kilikuwa kimepinda. Si mwaka 1982, nilikipinda mimi. Nilikaza skrubu za kona mpaka mwisho moja baada ya nyingine badala ya kwenda kidogo kidogo kwa kuvusha msalaba, kona hii kisha ile inayoikabili. Na nikiwa naungama niungame yote: jaribio la kwanza kuzuia unyevu ule lilikuwa silikoni. Nilipaka silikoni ya rangi ya kijivu juu ya gasketi mpya. Petroli inaivimbisha silikoni, inaibandua, na vipande vyake vinaelea bakulini vikitafuta jeti, kile kitundu chembamba cha kupitisha mafuta, ya kuziba. Nilivitoa vinne. Kabureta inataka gasketi kavu na uso ulionyooka, basi. Sabuni ya mche ninayoisikia ikisifiwa, ile ya kusugua kwenye tundu la tangi njiani, ni ya kweli kwa tangi na imewafikisha watu wengi nyumbani, lakini ni dawa ya njiani. Kwenye kabureta usiilete.

Nilinyoosha kifuniko juu ya kioo cha dirisha: msasa wa namba 400 umebandikwa kwenye kioo, kifuniko kinazungushwa kwa umbo la nane bila kukandamizwa, mara kumi, kutazama, mara kumi tena. Sehemu iliyoinuka inang'aa kwanza, iliyobonyea inabaki na rangi yake. Nilipoona mng'ao umeenea pembeni kote nikaacha, nikaosha kila tundu, nikapuliza. Gasketi mpya niliinunua peke yake safari hii, seti nzima ya nini tena.

Kilichobaki ni harufu ya dakika ishirini baada ya kuzima, siku za joto tu, bila tone lolote. Hapa wale waliosema joto walikuwa na haki, ingawa kwa kuchelewa. Injini ikizimwa feni inakoma, hewa inakoma, joto lote la ekzosi linapanda na petroli iliyomo bakulini inachemka kidogo. Kati ya kabureta na manifoldi kuna kipande kinene cheusi cha kuzuia joto. Changu kilikuwa na ufa, na mtu wa zamani, sitaki kuamini ni baba, alikuwa ameondoa bati la kukinga joto lililokuwa chini yake. Nilipata vyote viwili kwenye spea zilizotumika Ilala. Harufu imebaki kidogo ile ya gari la zamani, ambayo mke wangu anaiita manukato ya baba mkwe.

Shemeji yangu wa Dodoma alinipigia mwezi uliopita, pikapu yake ya kizamani inamwaga mafuta baada ya kubadilishiwa kabureta. Nikaanza kumwuliza kuhusu washa za kiti cha nidili kwa kujiamini kama profesa. Akanivumilia, kisha akasema, "Shemeji, kuna kitu sijakwambia. Ile pampu ya zamani ilikufa, fundi ameniwekea ya umeme." Ya gari gani? Ya gari la EFI, lile lisilo na kabureta, linalopuliziwa petroli kwa msukumo mkubwa. Pampu ile inasukuma kwa shinikizo la karibu psi 40. Nidili ya kabureta inavumilia 3 au 4. Hakuna washa duniani itakayozuia hapo. Amerudisha ya kimekanika na uvujaji umekwisha siku hiyo hiyo, hakuhitaji hata kufungua kifuniko.

Mimi siku hizi ninaweka mtungi wa kuzimia moto wa unga mlangoni mwa gereji yangu ndogo ya makuti, mshale ukiwa kwenye kijani, na ndoo ya mchanga. Maji hayana kazi kwenye moto wa petroli, yanausambaza tu. Ninafungua kabureta asubuhi, injini ikiwa baridi, waya wa betri umetolewa. Kiberiti cha zamani kina washa yangu ile kombo na vipande vinne vya silikoni.

Mama jirani, hata leo, akisikia boneti inafunguliwa, analibeba jiko lake.